Redeeming Love ya Francine Rivers: Gomeri kapata mdomo, ila huyo Michael jamani

Wapendwa nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: isomeni, ni riwaya nzuri, inashika, itakunyima usingizi, ila msiigeuze kuwa kitabu cha mafundisho ya ndoa. Wenye muda kaeni tuongee maana nina mengi na mengine yatawaudhi baadhi yenu. Na nitamwaga ubuyu karibu wote mpaka mwisho wa hadithi, kwa hiyo kama unataka kuikuta mbichi ishia hapa, nenda kasome kwanza urudi.

Haya. Mwandishi ni Francine Rivers, mama wa Kimarekani aliyezaliwa 1947. Huyu kabla ya kuokoka alikuwa anaandika riwaya za mapenzi za kawaida tu, za soko la dunia, na zilikuwa zinauzika. Mwaka 1986 akaokoka, na baada ya hapo akakwama, kama miaka mitatu hivi kila akikaa kuandika hakitoki kitu, akawa anasoma Biblia tu, ndo akafika kwenye kitabu cha Hosea na hapo ndo hii ikazaliwa. Ilitoka mara ya kwanza 1991 kwa Bantam ambao sio wachapishaji wa Kikristo, halafu 1997 ikatoka upya kwa Multnomah baada ya yeye mwenyewe kuipitia na kulainisha vitu kadhaa ili iweze kukaa kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo. Hii ya 1997 ndo karibu wote tunaisoma. Na hata ikiwa imelainishwa bado ina makali, nitafika huko.

Kwa waliosinzia kipindi cha manabii wadogo: Hosea alitumika kwenye ufalme wa kaskazini, Israeli, karne ya 8 kabla ya Kristo, enzi za Yeroboamu yule wa pili, nchi ina hela na watu wanawakimbilia Mabaali, miungu ya Wakanaani. Mungu anamwambia akaoe mke wa uzinzi. Anamwoa Gomeri binti Diblaimu, wanazaliwa watoto watatu wenye majina mazito, Yezreeli, Lo-ruhama na Lo-ami, halafu sura ya 3 nabii anaambiwa aende tena akampende mwanamke mzinzi, anamnunua kwa vipande 15 vya fedha na shayiri juu yake. Basi. Kitabu kina sura 14 lakini habari ya ndoa yenyewe iko kwenye hizo tatu za mwanzo na hata humo ni mistari ya kuhesabu. Na katika zote 14 Gomeri mwenyewe hafungui mdomo. Sura ya 2 kuna mke anasema atawafuata wapenzi wake, najua, kuna mtu kashaanza kuandika kunisahihisha, ila pale ni Israeli ndo inasemewa, sio yule dada. Hatujui alikuwa analala anawaza nini, hatujui kwa nini aliondoka, hatujui alipolipiwa zile fedha alifurahi au alitamani ardhi ipasuke immeze.

Rivers kaingia kwenye ukimya huo akajaza kurasa mia nne na zaidi. Hicho ndo kitu kikubwa cha hii riwaya, na ndo maana naona wanaoisifia kwa sababu ya Michael, ndo Hosea wa humu, wanasifia upande usio wenyewe.

Hajaiweka Israeli lakini. Kaipeleka California mwaka 1850, wakati wa dhahabu. Dhahabu ilionekana Januari 1848 pale Coloma, James Marshall alikuwa anajenga kinu cha kupasulia mbao cha bwana Sutter akaona vitu vinang'aa kwenye maji, mwaka uliofuata watu wakamiminika kutoka kila pembe ya dunia, San Francisco kakijiji ka watu kama elfu moja hivi kakafumuka ghafla kakawa mji. Na hao waliomiminika karibu wote ni wanaume. Mji wa kwenye hadithi unaitwa Pair-a-Dice, ni wa kubuni, ila wasomaji wa Geita na Chunya mtauona haraka sana hata bila kuelezewa: matope, mahema, pombe, mtu kaokota dhahabu asubuhi jioni hana mia mbovu, na wanaotajirika kweli ni mwenye duka na mwenye danguro. Nadhani hilo ndo lilimfanya achague pale. Angeiacha kule kule Samaria ya kale, kwenye ufalme wa Hosea, ingebidi nusu ya kitabu aeleze nani Baali na mahekalu yalikuwaje. Kwenye machimbo hahitaji kueleza kwa nini mwanamke ana bei.

Danguro lenyewe linaitwa Palace, mwenye nalo anaitwa Duchess, na msichana wa gharama kuliko wote ni Angel, ndo Gomeri wetu. Lakini kitabu hakianzii hapo, kinaanza mwaka 1835 huko mashariki mwa Marekani, na huo mwanzo jamani ndo umeandikwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Kuna mtoto anaitwa Sarah, mama yake Mae ni kimada wa mwanaume tajiri mwenye mke wake, na mtoto anasikia kwa masikio yake baba akisema hakumtaka azaliwe. Akija baba mtoto anaondolewa nyumbani asionekane. Siku moja yaya wake Cleo anampeleka kwao pwani, yaya mwenyewe kaumizwa na mwanaume, kalewa, anamkalisha yule mtoto anamfundisha wanaume ni nini. Mtoto mdogo anabeba somo hilo. Halafu baba anawatema, mama anaishia bandarini anajiuza, anakufa, na Sarah akiwa na miaka 8 mlevi mmoja anaitwa Rab anamkabidhi kwa tajiri akidhani kampatia maisha. Huyo tajiri ni Duke. Rab anauawa pale pale chumbani mtoto anaona, na mlango unafungwa. Rivers hafuati kuingia ndani, anakata pale pale, na sura inayofuata tuko California na yule mtoto ni mtu mzima mwenye jina lingine na macho yaliyokufa.

Hapo nilifunga simu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Na ndo maana Angel akianza kuwa na jeuri, maana ana jeuri kwelikweli, hauwezi kumchukia. Anamkejeli kila mtu. Haamini fadhili. Mtu akimtendea wema anaanza kupiga hesabu atadaiwa nini. Hilo limeandikwa vizuri kuliko kitabu chochote cha Kikristo nilichosoma kuhusu wanawake wa aina hiyo, maana vingi vinatuletea kahaba mwenye haya anayelia lia akingoja kuhubiriwa, wakati huyu hataki kuokolewa kabisa, anataka hela zake. Duchess amezishikilia dhahabu zake, na ndoto yake nzima ni kupewa chake, ajenge kibanda mbali na watu, peke yake, afunge mlango kutoka ndani. Hajaomba mume wala Mungu. Mlango wenye komeo upande wake tu.

Sasa aje Michael Hosea. Mkulima, kijana, anakuja mjini kuuza mazao, anamwona Angel anapita barabarani na Mungu anamwambia huyu hapa. Anaenda Palace analipa dhahabu yake ya jasho kwa nusu saa halafu anakaa anaongea. Hamgusi. Kesho tena. Angel anamdhihaki, anamfukuza, kwake mwanaume anayelipa halafu hataki kitu ni wa hatari kuliko wote maana haeleweki anataka nini. Hizi sura za chumbani wanavyorushiana maneno ni tamu sana, kama ni mapenzi ya kwenye riwaya basi ni haya, watu wawili kila mmoja anamsoma mwenzake na hakuna anayeshuka.

Halafu inakuja ndoa, na hapa wapendwa tutagombana. Angel anadai hela zake, ananyimwa, anamchokoza makusudi baunsa wa danguro anaitwa Magowan mpaka anampiga nusura amuue, na ukisoma vizuri utaona ndo alichokuwa anatafuta, afe. Michael anafika anamkuta kitandani hajitambui vizuri na anamwoa hapo hapo. Anakubali kwa sababu hana nguvu za kukataa. Anazinduka yuko shambani porini ni mke wa mtu. Kitabu kinataka tuseme amina. Mi nikasema subiri kwanza. Huyu dada tangu ana miaka 8 maamuzi yote ya mwili wake yamefanywa na wanaume, na huu wokovu wake nao unaanza hivo hivo, kabebwa bila kuulizwa akili ikiwa timamu. Najua jibu lenu, Michael kaambiwa na Mungu. Sawa. Duke hakuambiwa na Mungu, tofauti ipo na ni kubwa. Lakini Angel haioni hiyo tofauti, na siku za mwanzo kule shambani ana kila sababu ya kutoiona.

Kwenye kule shambani ndo kitabu kinatulia na kinakuwa kizuri tena. Anafundishwa kuwasha moto, kupika, kupalilia, anaharibu kila kitu, anaungua, anatukana. Anajaribu kulipa deni kwa njia anayoijua na Michael anakataa, anamwambia sio hivo, na yule dada anachanganyikiwa kabisa maana silaha yake pekee imekataa kufanya kazi. Kuna usiku anaondoka kwa miguu hajui hata njia. Kuna pale Michael anamtoa gizani wanatembea mlimani bila kumwambia wanaenda wapi, anaogopa, anachoka, mpaka jua linachomoza juu ya bonde na ndo anamwambia maisha niliyotaka kukupa ni haya. Wanaojua Hosea sura ya 2 mtaikumbuka ile ya kumpeleka nyikani na kusema naye maneno ya kumtuliza moyo. Rivers haitaji pale. Kaiacha tu ifanye kazi yake.

Anaondoka. Nafikiri hiki ndo watu wengi hawakitegemei, wanadhani ni mara moja kama mwana mpotevu, kumbe anaondoka, anarudishwa, anaondoka tena. Mara ya kwanza ya maana anaondoka na Paul, shemeji yake Michael, mume wa dada yake aliyefariki. Paul anamtambua kutoka mjini na anamchukia tangu sekunde ya kwanza, anakubali kumpa lifti kurudi Pair-a-Dice na njiani anamdai nauli. Mnaelewa nauli gani. Mtu anayemwita mwenzake mchafu anachukua nauli hiyo halafu anaendelea kumwita mchafu, na kurasa na kurasa baadaye bado anajiona yeye ndo aliyekosewa. Michael anaenda kumtoa tena kwenye biashara, anapigana na wanaume kibao, anarudi naye kimya kimya njia nzima.

Nilitaka kuipa nyota tano. Nimeipa nne na hiyo moja aliyeila ni Paul. Kwa sababu Paul anasamehewa, sawa, tunaamini msamaha, ila anasamehewa kwa urahisi kuliko uzito wa alichofanya, Angel ndo anamwendea kwa unyenyekevu kwanza, na mwisho anapewa mke mzuri mtoto wa watu mcha Mungu. Angel imemchukua kitabu kizima na miaka ya kuzunguka kufikia pale ambapo Paul kafika kwa kulia mara moja. Hiyo ndo hesabu ya wanaume na wanawake makanisani kwetu na mwandishi hajaiona kama tatizo.

Michael mwenyewe ni tatizo lingine. Hana kasoro. Anatajwa hasira mara kadhaa na alitoka kwenye familia ya watu waliomiliki watumwa huko kusini akaikimbia, ila kwa sehemu kubwa anasubiri, anaomba, anasikia sauti, anatii. Ukiuliza kwa nini, ni kwa sababu Rivers kambebesha kazi mbili kwa wakati mmoja, awe mume na awe mfano wa Mungu. Kwenye Biblia hilo halisumbui kwa sababu Hosea ni ishara na anapotea haraka, ikifika sura ya 4 hatumsikii tena na mkewe. Kwenye riwaya ya kurasa zote hizi mtu anayeishi kama ishara anachosha, na mbaya zaidi anawaharibia dada zetu. Nimeona watu wanaandika kwamba wanaomba wapewe Michael Hosea wao. Dada yangu, huyo unayemwomba ni Yesu na tayari unaye, wa kuoana naye atakoroma na atasahau kununua gesi.

Na upande wa pili, mahubiri. Hosea kwetu anahubiriwa sana wiki za ndoa, na mara nyingi ninavyoyasikia yanageuzwa: mke anaambiwa awe Hosea, avumilie, mume akitoka nje amngoje, akirudi ampokee, akipigwa aombe. Sasa soma Biblia yako tena. Aliyeambiwa avumilie kwenye Hosea ni mwanaume. Aliyetoa fedha mfukoni ni mwanaume. Hii riwaya angalau imebaki hapo hapo, mwanaume ndo analipa gharama yote, wala hakuna mahali Angel anaambiwa arudi kwa Duke akamwombee abadilike. Kwa hiyo ukitaka kuipa kwenye kikundi cha kina mama, ipe, ila mwenye kuongoza mazungumzo awe na akili ya kulisema hilo mapema kabla hayajaanza kugeuzwa.

Tuje kwenye uzazi kwa sababu hapo wengi mtaumia. Duke alihakikisha Angel hatazaa, alimwita daktari akiwa bado msichana. Kule shambani inahamia karibu familia ya kina Altman, wazazi na watoto wao, binti mkubwa Miriam ana umri wa kuolewa, mchangamfu, msafi, na Angel anawapenda kwelikweli, hata yule mdogo Ruth anamng'ang'ania. Halafu anaanza kuwaza. Michael anataka watoto. Mi sizai. Miriam yupo. Anaondoka mara ya mwisho sio kwa sababu hampendi bali kwa sababu anampenda, ili mwenzie aoe anayezaa. Hiyo hata usiwe msomaji wa riwaya unaijua, iko kwenye ukoo wako, kuna shangazi alifungasha mwenyewe kabla ya kufungashiwa. Zile kurasa zimeniliza kuliko zote na Rivers kazishika kwa heshima sana, hakuna mtu anayemhukumu Angel humo, huzuni tu.

Halafu mwishoni anazaa. Kwenye sehemu ya kumalizia kabisa tunaambiwa walipata watoto. Na jina lake la kuzaliwa ambalo alimficha kila mtu, hata Michael, ni Sarah, kwa hiyo unaona mwandishi alikuwa anatupeleka Mwanzo sura ya 21, pale Sara mke wa Ibrahimu anapomzaa Isaka, tangu mwanzo. Kama usanifu wa hadithi imekaa vizuri. Ila mi ningeiacha bila. Mtu aliyefika pale na yeye hajapata, kanyanyuka na Angel hatua kwa hatua, kaona kumbe unaweza kupendwa na kurudiwa bila mtoto, halafu ukurasa wa mwisho anapewa watoto kama zawadi ya kumaliza shule, atafunga kitabu akiwaje? Michael alishamrudia bila mtoto. Ilikuwa imetosha.

Kati ya kuondoka huko na mwisho kuna kipande cha San Francisco, miaka kadhaa, Angel anafanya kazi ya kupika, anakutana tena na Duke na yanayotokea hapo sikwambii. Nitasema tu kwamba wokovu wake unatokea Michael akiwa mbali, hayupo hata mji huo, na baadaye anaanza kuwasaidia wasichana waliotoka alikotoka yeye. Wasomaji wengi wanalalamika kipande hiki kimekimbizwa na ni kweli kimekimbizwa. Lakini ndo kinachokiokoa kitabu. Bila hicho ingekuwa hadithi ya mwanaume aliyembadilisha mwanamke kwa kumpenda sana, na tunazo za hivo za kutosha. Kwa mara ya kwanza mtu yule ana maisha ambayo hayakupangwa na mtu mwingine, kisha ndo anachagua kurudi, kwa miguu yake, safari hii Michael hajamfuata na farasi. Mimi ningeongeza kurasa mia hapo nikazitoa kwenye kulima.

Kama historia, nusu nusu. Hali ya miji ya machimbo ipo, safari ya meli kuzunguka Cape Horn, ile ncha ya kusini ya Amerika, ipo, bei za kutisha zipo. Ila wenyeji wa California, wale waliokuwepo kabla ya dhahabu, ni kama hawapo. Wanahistoria wanakadiria walikuwa kama 150,000 mwaka 1848 na kufika 1870 wamebaki kama 30,000, kwa magonjwa, njaa na kuuawa waziwazi, na bonde zuri ambalo Michael anamwonyesha mkewe jua likichomoza lilikuwa la mtu. Sidai riwaya ya mapenzi ibebe yote hayo. Nasema tu ukisoma kuhusu shamba lililotolewa na Mungu ukumbuke kuuliza lilikuwa la nani juzi.

Vitu vidogo vidogo sasa. Kiingereza chake ni chepesi, mtu wa kidato cha nne mwenye kupenda kusoma ataenda nayo, majina ya zana za shamba yatakusumbua kidogo na unaweza kuyaruka. Sauti ya Mungu na sauti ile nyingine ya giza zinaingia katikati ya mawazo ya watu, mwanzoni inakera, baadaye unazoea, ingawa kuna mahali Mungu anaongea kwa sentensi fupi mno kama ujumbe wa benki. Nimeisoma kwenye Kindle ya simu, ile app ya kusomea vitabu, kwa sababu nakala ya karatasi niliyoikuta dukani ilikuwa bei ya kiroba cha mchele. Na wazazi nawaomba, imeandikwa ya Kikristo kwenye kava lakini sio ya binti wa miaka 13. Kuna kubakwa kwa mtoto, kuna kujiuza, kuna jambo la Angel na baba yake mzazi ambalo sitaliandika hapa, na vitanda vya ndoa ambavyo havijaonyeshwa sana ila havijafichwa. Miaka 17, 18 kwenda juu, na awepo mtu wa kuongea naye. Kama wewe mwenyewe umewahi kupitia hayo mambo utotoni, ile sehemu ya 1835 iruke, hautapotea.

Sinema yake ilitoka Januari 2022, kaiongoza D.J. Caruso, Rivers mwenyewe alishiriki kuandika mswada, na ile California yote mnayoiona ni Afrika Kusini, walipigia huko. Abigail Cowen ndo Angel na kajitahidi, Tom Lewis ndo Michael, ni mzuri wa sura basi. Picha zinapendeza mno, hilo ndo kosa, kila mtu msafi, nywele zimechanwa, danguro linanukia kupitia kioo. Jeuri ya Angel yenyewe, ile inayobeba kitabu, imebaki kidogo sana. Angalieni baada ya kusoma, sio kabla.

Ukimaliza ukitaka nyingine za aina hii zinazokaa kwenye nchi za Biblia zenyewe, Rivers ana mfululizo wa hadithi fupi tano za wanawake wa ukoo wa Yesu kwenye Mathayo 1, Tamari, Rahabu, Ruthu, Bath-sheba na Maria, anza na ya Tamari, inaitwa Unveiled, Yuda baba mkwe wake humo hana pa kujificha. Ana pia A Voice in the Wind ya 1993, kijakazi Myahudi Mkristo anaitwa Hadassah anapelekwa Rumi baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70, na wengi wanasema ni bora kuliko hii, mi nakubaliana nao kwa upande wa historia. Rahabu ukimtaka kwa urefu, Tessa Afshar ameandika Pearl in the Sand, 2010, huyu ni mzaliwa wa Iran na miji yenye kuta na udongo wake inaaminika. Na kama unamtaka Gomeri mwenyewe, kwao, Israeli, na jina lake, Mesu Andrews alimwandika 2013, Love in a Broken Vessel. Ndo ninayoanza leo usiku, nikimaliza nitarudi kuwaambia Hosea wa humo anakasirika au naye ni malaika.